Sahihi ya Tano: kijiji kilichopanga ardhi yake kabla ya kukubaliana na hifadhi

Kwenye muhtasari wa mipaka ya kijiji hiki kuna nafasi tano za sahihi. Nne zimejaa: kijiji chenyewe na vijiji vitatu jirani, kila kimoja na muhuri wake wa bluu. Ya tano, ya mwakilishi wa hifadhi ya msitu, ina nukta tu. Vijana wanaoingia katika kazi ya mipango ya ardhi wakiniuliza tulikosea wapi, huwapa kwanza nakala ya ukurasa ule waukague, kabla sijaeleza lolote.

Kijiji kiko kusini mashariki mwa Tanzania. Jina lake, la wilaya, la msitu na la kila mtu nimeyaondoa. Idadi za kaya nimezizungusha, na majira mawili matatu nimeyasogeza ili asitambulike mtu. Sheria na matukio ya kitaifa yamebaki na miaka yake. Mimi nilikuwa katika timu ya wilaya ya mipango shirikishi ya matumizi ya ardhi, ile ambayo maofisini huitwa timu ya PLUM, kwa hiyo makosa mengi ninayoyataja humu ni ya kwetu wenyewe.

Usuli

Msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali katika miaka ya 1950, enzi za mkoloni. Tangazo lilieleza mpaka kwa maneno, na kwa Kiingereza: kuanzia makutano ya vijito viwili, kupanda na kijito kimoja hadi kwenye rundo la mawe, kisha mstari ulionyooka hadi kilele cha kilima fulani. Vibarua wakafyeka mpaka huo ili kuzuia moto, na ukaendelea kufyekwa kila kiangazi hadi miaka ya 1960.

Ikaja Operesheni Vijiji, ile ya 1973 hadi 1976. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni walikusanywa kando ya barabara, na kijiji kikaandikishwa chini ya sheria ya vijiji ya 1975. Baadhi ya mahame yao yalikuwa upande ambao tayari ulikuwa hifadhi. Miembe na makaburi yako kule mpaka leo. Mtu ukimwambia kwamba amevamia msitu wa serikali, atakuonyesha mwembe aliopanda babu yake, kisha akukumbushe kwamba serikali hiyohiyo ndiyo iliyomhamisha na kumwonyesha pa kukaa.

Hata hivyo, kiini cha kisa ni kijito. Katika mvua za El Niño za 1997 na 1998 kijito kilipasua kingo kwenye kona moja kikahama, kikachimba mkondo mpya upande wa ndani ya msitu. Kati ya mkondo mpya na ule uliokauka kukabaki ukanda wa ardhi yenye rutuba ya mafuriko. Wenyeji wakaupa jina la Kisiwani. Kwa miaka kadhaa ulikuwa magugu na nguruwe pori, mpaka bei ya ufuta ilipopanda. Kila aliyekuwa na jembe akaukumbuka.

Miaka ya 2000 kijiji kilipimwa ili kipate Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Wapimaji walikikuta kijito kinatiririka na viongozi wa kijiji wakawaambia mpaka wao na msitu ni kijito. Wakapima walichokiona. Hakuna aliyedanganya. Lakini kuanzia siku ile Kisiwani kilikuwa ndani ya karatasi mbili za serikali: tangazo la hifadhi, na ramani ya kijiji.

Msomaji asiye wa fani hii ajue kwamba Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inagawa ardhi yote ya nchi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huohuo. Upangaji wa matumizi una sheria nyingine, Na. 6 ya 2007, na misitu ina ya kwake, Na. 14 ya 2002. Ukisimama Kisiwani umesimama mahali ambapo wizara ya ardhi, wizara ya maliasili na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, zote zina la kusema, na maofisa wake wa wilayani hawakai jengo moja.

Wiki tatu za mpango

Kabla sisi hatujafika, mamlaka ya hifadhi ilikuwa imefufua mpaka wake kwa kuweka bikoni, yaani nguzo za zege za kuonyesha mpaka. Zilifuata mkondo wa zamani, kwa hiyo zikapita kati ya mashamba ya ufuta. Wanakijiji walilalamika kwa mtendaji wa kijiji, naye akaandika barua wilayani. Barua ilipokelewa na kuwekwa kwenye jalada.

Mwaka uliofuata kukapatikana fedha za mradi za kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita: maandalizi, tathmini shirikishi ya vijijini, kupima na kuchora matumizi yaliyopo, kuandaa mpango wenyewe, kusimamia utekelezaji pamoja na kutoa hati, na mwisho mipango ya kina. Ni mwongozo mzuri, na ukiufuata kwa utulivu mambo mengi hujitengeneza. Sisi tulikuwa na wiki tatu, gari moja, na fedha zilizotakiwa ziwe zimetumika kabla ya Juni 30.

Siku ya makubaliano ya mipaka, vijiji jirani vilileta wenyeviti, watendaji na wazee. Mamlaka ya hifadhi ilimleta ofisa kijana aliyeripoti kituoni miezi miwili kabla. Alikuwa mstaarabu, akasikiliza mpaka mwisho. Tulipompa kalamu akasema hana mamlaka ya kusaini mpaka wa hifadhi, apelekewe meneja. Meneja alikuwa safarini.

Tulikaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji kujadiliana. Wazo la kusimamisha kazi lilitajwa. Likajibiwa kwamba fedha zitarudi, kwamba kijiji kimesubiri miaka, kwamba sahihi moja itafuatiliwa baadaye. Mimi nilikuwa upande wa waliosema itafuatiliwa baadaye. Kwenye fomu ya taarifa kuna safu isemayo *migogoro ya mpaka*. Tuliandika: *hakuna*. Hatukuona kwamba tunadanganya, maana ugomvi wa bikoni tuliuhesabu kuwa malalamiko ya watu wachache wa Kisiwani, tukaona mgogoro ni vijiji viwili vikigombana.

Mpango ukaweka Kisiwani kuwa eneo la kilimo. Ukatenga msitu wa kijiji upande wa pili wa barabara, ukatenga ardhi ya akiba kwa vizazi vijavyo, ukatenga malisho mgongoni mwa kilima. Mkutano mkuu wa kijiji uliupitisha kwa kunyoosha mikono, na ngazi ya wilaya ikaukubali. Mkutano huo ulifanyika siku ya mnada wa mifugo, na wafugaji wote wa kitongoji cha mwisho walikuwa mnadani. Hilo nalo hatukulitilia maanani.

Mwaka wa hati na doria

Hati miliki za kimila zikaanza kutolewa. Kaya thelathini na kitu zilipata hati za mashamba ya Kisiwani, zimechapwa vizuri, zina picha ya mwenye shamba na muhuri wa wilaya. Watu walizitia kwenye bahasha za plastiki, wengine wakazifungia sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa.

Msimu wa kupalilia, askari wa doria waliwakuta wakulima wanne ndani ya bikoni. Mama mmoja alikimbia nyumbani akarudi na bahasha yake.

“Afande, hati hii nimepewa na serikali.”

“Na mimi nimetumwa na serikali, mama.”

Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo ya tatizo zima. Askari, kwa busara yake, hakuwakamata. Alipiga picha ile hati akaituma kwa wakubwa wake, na siku mbili baadaye simu zikaanza kulia wilayani.

Kisheria jibu lilikuwa wazi na chungu. Hati ya kimila hutolewa juu ya ardhi ya kijiji, haitolewi juu ya ardhi ya hifadhi. Tangazo la miaka ya 1950 halijawahi kufutwa. Ramani ya kijiji haiwezi kulifuta, wala mpango wetu, hata ungepitishwa na mikutano kumi. Kwa hiyo zile hati hazikuwa na mguu wa kusimamia, na aliyezitoa ni sisi.

Januari 2019 Rais Magufuli aliagiza kusitishwa kwa zoezi la kuwaondoa watu kwenye vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, na kamati ya mawaziri ikapewa kazi ya kupendekeza ufumbuzi. Baadaye mwaka huo serikali iliridhia kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa kwenye migogoro hiyo vibaki. Kijijini kwetu habari ilisikika redioni na watu wakapumua. Waliokuwa wameanza kuondoka Kisiwani wakarudi, wengine wakaongeza shamba.

Ilipoulizwa kama kijiji chetu kimo kwenye orodha, hakikuwamo. Kingewezaje? Kwenye taarifa tuliyoiandika sisi wenyewe, safu ya migogoro ilisema hakuna.

Kutembea mpaka

Baada ya mkutano mmoja mbaya wilayani, ambao sitausimulia, mkuu wa idara yetu aliamua mambo matatu kwa siku moja: utoaji wa hati Kisiwani usimame, doria iendelee lakini asikamatwe mkulima mwenye hati mpaka jambo lielezwe, na mpaka utembelewe kwa miguu, pande zote zikiwapo, mamlaka ya hifadhi ikileta mtu mwenye barua ya kumruhusu kusaini. Sharti hilo la mwisho lilituchukua miezi minne kulipata. Lilistahili kungojewa.

Tulitembea siku mbili. Walikuwapo meneja wa hifadhi mwenyewe, mpima ardhi, wazee, wakulima wa Kisiwani, wafugaji wawili, na wanawake watano ambao mwanzoni tuliwaalika kwa sababu mwongozo unataka wanawake wawepo. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Utaratibu ulikuwa rahisi, na ningemshauri yeyote auige. Ofisa misitu alilitafsiri tangazo kwa Kiswahili, sentensi moja moja, akalisoma kwa sauti tukiwa palepale mpakani. Sentensi ikisomwa hakuna anayepiga hatua mpaka wote wamekubaliana maneno yale yanasema mahali gani. Mpima anasoma nukta kwenye kifaa cha GPS, karani anaandika, tunaendelea. Kwa zaidi ya miaka 60 tangazo lile lilikuwa halijasomwa katika lugha ya watu wanaopakana nalo.

Kwenye sentensi ya kijito tukakwama, kama tulivyotarajia. Kijito kipi? Mwenyekiti akasema kijito ni kile chenye maji. Meneja akasema kijito ni kile cha wakati wa tangazo. Wapimaji walikuwa na picha za anga za zamani zenye ukungu, kila mtu akiona alichotaka kuona.

Bibi mmoja mfinyanzi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, akashuka kwenye bonde kavu akaanza kukwangua kwa jembe dogo. Kulikuwa na mashimo ya udongo mahali pale, mengine ya juzi, mengine yameshaota miti.

“Bibi, haya mashimo ya nini?” nikamuuliza.

“Ya udongo wa vyungu. Mama yangu alichimba hapa, na mama yake. Udongo wa chungu hauji na upepo, mjukuu wangu, unaletwa na maji. Mto ulikuwa unapita hapa.”

Akatuongoza kutoka shimo hadi shimo, na mstari wa mashimo ukawa ndio mkondo wa zamani, karibu sawasawa na bikoni. Wakulima wa Kisiwani walinyamaza. Mmoja wao alikuwa mkwewe.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya hifadhi kunyamaza. Rundo la mawe linalotajwa kwenye tangazo lilikuwa limekwisha tambuliwa na watu wa bikoni: mawe yaliyokusanyika karibu na njia. Mzee mmoja, aliyekuwa kibarua wa kufyeka mpaka katika miaka ya 1960, akasema yale ni mawe ya mtu aliyesafisha shamba. Rundo lenyewe liko mbele. Alizunguka kama nusu saa, sisi tukiwa tumeanza kumwonea huruma, akasimama penye kichuguu kikubwa. Vijana wakachimba ubavuni. Mawe yalikuwamo ndani, yamepangwa kwa mkono, mchwa wamejenga juu yake.

Mstari wa kwenda kilimani ulipoanzia kwenye rundo la kweli, pembe nzima ya ardhi, yenye mashamba ya zamani na sehemu ya uwanja wa shule, ikatoka ndani ya bikoni ikarudi upande wa kijiji.

Tulichoamua, na kwa nini

Kulikuwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuomba serikali ipunguze hifadhi na kuiachia kijiji Kisiwani. Wakulima waliitaka. Lakini kubadili mpaka wa hifadhi kunahitaji tangazo jingine katika Gazeti la Serikali. Si jambo la meneja wala la mkuu wa wilaya, na watu wasingeweza kulima kwa matumaini ya tangazo lisilojulikana litatoka lini. Tena Kisiwani ni ukingo wa maji: hata kingekuwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Ukiondoa mita hizo kwenye mikondo yote miwili, kinachobaki si kingi.

Ya pili ilikuwa kuwaondoa mara moja. Mamlaka ilikuwa na haki hiyo. Meneja hakuitaka, akasema wazi kwamba ufuta ukiwa shambani na hati zikiwa mikononi mwa watu, atapata msitu na kupoteza kijiji.

Tukachukua ya tatu, ambayo ni ya viraka. Bikoni za upande wa kilima zihamishwe kufuata rundo la kweli. Hapa meneja alitufundisha tofauti ambayo sisi wa mipango hatukuwa tumeiona: tangazo hana uwezo wa kuligusa, lakini bikoni iliyokosea tangazo ana wajibu wa kuisahihisha. Wakulima wa Kisiwani wavune misimu miwili, bila kufyeka eneo jipya, kisha watoke. Hati zao zirudishwe na wapewe mashamba mengine kutoka ardhi ya akiba, na hati mpya bila malipo. Msitu wa kijiji uliokuwa kwenye mpango kwa jina tu utangazwe kisheria na kuandaliwa mpango wa usimamizi, maana mapato ya msitu wa hifadhi ya kijiji hubaki kijijini. Na kwa ukanda wenyewe, kijiji na mamlaka waandae makubaliano ya usimamizi wa pamoja, jambo ambalo Sheria ya Misitu inaliruhusu.

Mpango wa ardhi ukarudishwa kwenye mkutano mkuu kurekebishwa. Safari hii tuliuliza kwanza siku ya mnada.

Matokeo

Mpaka umetulia. Sahihi ya tano ipo, kwenye muhtasari mpya wenye ramani iliyobandikwa ukutani ofisi ya kijiji. Wengi wa wakulima wa Kisiwani walitoka kwa muda uliokubaliwa. Kaya chache hazikuridhika na udongo wa ardhi ya akiba, na kwa kweli si wa kulinganishwa. Zimehamia kijiji kingine. Kurudisha hati kulikuwa kazi ngumu kuliko kuhama. Yule mama wa bahasha aliileta mwenyewe ofisini, akaomba apewe picha yake iliyobandikwa juu, kwa sababu alilipia kupiga.

Msitu wa kijiji umeuza mbao mara moja, kwa mnada uliosimamiwa na kamati ya maliasili ya kijiji, na fedha zikamalizia nyumba ya mwalimu. Doria ya kijiji na doria ya hifadhi hupigiana simu. Hilo linaonekana dogo kwa asiyejua kwamba zamani zilikuwa zikikwepana.

Upande wa mifugo tumeshindwa. Wakulima walipotoka Kisiwani nyasi ziliota, na ng'ombe wakaingia.

Uchambuzi

Nikitazama nyuma, kosa la kupitisha mpango bila sahihi ni la pili. La kwanza ni namna tulivyoielewa ile sahihi. Tuliiona kuwa karatasi, kitu cha kufuatilia na kugongewa muhuri, wakati kukosekana kwake kulikuwa ndiyo habari yenyewe. Ofisa kijana alipokataa kusaini, alikuwa anatuambia kwamba kuna jambo halijaamuliwa. Badala ya kuuliza ni jambo gani, tuliuliza meneja atarudi lini.

Kutokana na hilo yalifuata mengine kama shanga. Kwa kuwa mgogoro haukuandikwa, haukuwamo kwenye taarifa. Kwa kuwa haukuwamo kwenye taarifa, kijiji hakikuwa na nafasi pale serikali kuu ilipotafuta vijiji vyenye migogoro. Na kwa kuwa mpango ulionekana safi, hati zikatolewa kwa haraka ambayo kijiji chenye mgogoro kisingeruhusiwa. Siku hizi, timu ikiniletea fomu yenye neno *hakuna* kwenye safu ile, na kijiji kinapakana na hifadhi, naomba kumuona mtu wa Kisiwani wa kijiji hicho. Kila kijiji kinacho cha kwake.

Kuna wanaosema tatizo lilikuwa fedha za mradi na ile Juni 30. Sikubaliani nao sana. Ni kweli muda ulitubana, lakini mwongozo haukutulazimisha kutoa hati kwenye eneo lote kwa mara moja. Tungeweza kupitisha mpango, tukauchora ukanda ule kwa mistari ya mlalo na kuandika *mpaka haujakubaliwa*, tukaendelea na sehemu zisizo na ubishi. Mfadhili asingekataa. Tuliona haya kupeleka ramani yenye doa.

Kilichofanya kazi ni kutembea mpaka, na kilifanya kazi kwa sababu mbili ambazo si mbinu. Kwanza, kila upande ulipoteza kitu. Kijiji kilipoteza Kisiwani, hifadhi ikapoteza pembe ya shule. Kama mashimo ya udongo na rundo la mawe yote yangeelemea upande mmoja, nina wasiwasi tungekuwa mahakamani hadi leo, ijapokuwa utaratibu ungekuwa uleule. Bahati hiyo sitaki kuiita ustadi. Pili, ushahidi ulitoka kwa watu wasio na shamba pale. Bibi mfinyanzi hakuwa na ufuta, na mzee wa kufyeka mpaka alikuwa na kinyongo na serikali zote mbili, ya mkoloni kwa ujira na hii kwa pensheni. Hakuna aliyeweza kudai wamenunuliwa.

Inafaa kukiri pia kwamba wanawake walioamua jambo hawakualikwa kwa ujuzi wao. Katika tathmini shirikishi ya mwanzo tulikaa na kundi la wanawake tukawauliza kuhusu kuni na maji, maswali yale ya siku zote. Udongo hatukuuliza. Mashimo yale yalikuwa njiani tunapopita na gari kila siku kwa wiki tatu.

Gharama ya suluhisho ililipwa na vijana. Ardhi ya akiba ilitengwa kwa ajili ya watakaohitaji mashamba miaka kumi ijayo, yaani muda wa kawaida wa mpango, na sisi tukaitumia kufidia kosa la leo. Katika mkutano kijana mmoja alisimama akauliza: “Sisi mtatuhamishia akiba ipi?” Mwenyekiti akamjibu kwamba hilo litazungumzwa. Halijazungumzwa.

Kuhusu mifugo, chanzo ni kilekile cha mkutano wa siku ya mnada. Malisho yaliwekwa mgongoni mwa kilima kwa sababu hapakuwa na mwingine anayepataka, na hapakuwa na mfugaji mkutanini wa kusema kwamba juu hakuna maji. Wengine wa kitongoji kile walifika mikoa hii baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007 na kuelekezwa kusini. Kwa hiyo wamekwisha kuona mpango wa ardhi ukiwahamisha mara moja, na wakisikia neno hilo hawakimbilii mkutanoni. Ng'ombe lazima anywe, njia fupi ya kwenda kijitoni inapita Kisiwani, na makubaliano ya usimamizi wa pamoja hayana hata mstari mmoja juu ya mapito ya mifugo. Lambo likichimbwa juu kilimani, nusu ya tatizo itaondoka. Nusu nyingine inahitaji mpango wa pamoja na kijiji jirani ambacho kina malisho yenye maji. Sheria inaruhusu vijiji kupanga pamoja, na vijiji vya wilaya ya Kiteto vimefanya hivyo kwa malisho yao, lakini kijiji jirani kinauliza, na ni haki yake kuuliza, kitapata nini.

Rasimu ya usimamizi wa pamoja bado iko mezani. Kwa miaka mingi kilichokwamisha makubaliano ya namna hii nchini ni mgawanyo wa mapato, kwa maana kijiji hupewa kazi ya kulinda msitu wa serikali bila kujua kitavuna nini, wakati msitu wake chenyewe unakipa yote. Wanakijiji wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Katika kikao cha mwisho nilichohudhuria, kipengele cha kuni kavu kilipita, cha mizinga ya nyuki kikapita, cha njia ya kwenda makaburini kikapita bila ubishi. Bibi mfinyanzi alikuwa kiti cha nyuma. Karani alipofunga daftari akauliza kama atahitaji kibali cha kuchimba udongo, maana sasa mashimo yake yote yako ndani ya hifadhi, na ni yeye aliyeyaonyesha. Meneja akaiomba rasimu irudi, akaandika kipengele cha udongo wa vyungu kwa kalamu, pembeni mwa ukurasa, akaweka sahihi yake ndogo kando yake.